Mama, Wodi Yako Imesimama

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka. Watu walituambia tutazoea. Siku zimepita, mazoea hayajaja. Mpaka leo mlango ukigongwa kwa pupa, mmoja wetu husema, "Mama kasahau miwani," kabla hajakumbuka.

Wengi walikujua kama daktari, na jina hilo lilikuletea vituko. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alikuja na goti limevimba, ukamweleza kwa upole kwamba wewe ni daktari wa saruji na vyombo vya udongo, si wa watu. Akakutazama juu mpaka chini, akasema, "Basi nimefika penyewe. Goti lenyewe limekuwa zege." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukachukua mkoba, ukampeleka zahanati wewe mwenyewe.

Kazi yako ulituletea mpaka mezani. Tulipokuwa wadogo ulikoroga saruji kwenye kopo la maziwa, ukatushikisha ubavuni mwake. Lilikuwa na joto. Kitinda mimba wako akauliza, "Mama, ina homa?"

"Haina homa, inafanya kazi," ulimjibu. "Saruji haikauki kama nguo, mwanangu. Inakunywa maji, na hayo maji ndiyo yanayoigeuza jiwe. Ukiinyima maji, umejenga kwa unga."

Tangu hapo hatukuwahi kupita nawe penye ujenzi bila kuona haya. Lazima usimame, lazima uulize kama zege la jana limemwagiliwa. Sisi tulijificha nyuma ya Baba. Mafundi wao walikuzoea: "Shikamoo, Mama Maji! Tumemwagilia, tumemwagilia!"

Tena, nyumba yetu ndiyo nyumba pekee tuliyoijua ambamo mtoto aliyevunja kikombe hakugombezwa. Uliokota vipande, ukavigeuza dirishani penye mwanga, ukatafuta ufa ulikoanzia. "Si kosa lako. Kilikuwa na kasoro tangu tanurini." Baba alikuwa akitikisa kichwa: "Humu ndani wenye makosa ni vikombe tu."

Lakini leo tunataka kusimulia jambo ambalo wewe hukupenda lisimuliwe.

Hospitali ilikuwa inataka wodi mpya ya wazazi, nawe ulikuwa umepata mchanganyiko wako: vigae vibovu vya kiwandani, vikasagwa mpaka vikawa laini kama poda, vikachukua nafasi ya sehemu ya saruji. Vipimo vya mwanzo vilipita. Jiwe la msingi likawekwa, kokoto zikamwagwa, hotuba zikatolewa, jina lako likatajwa, na Baba akavaa koti lake la harusi. Basi siku moja ukaenda kutazama vile vipande vya majaribio ulivyoviacha kwenye maji kwa miezi, ukakuta vimeota nyufa nyembamba kama nywele.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameziona. Ungeweza kunyamaza. Wewe ulivifunga vipande kwenye kitambaa, ukaenda siku hiyohiyo kwa mkurugenzi wa ujenzi.

"Simamisheni kazi," ulimwambia.

"Daktari, vipande vyako si vilipita?"

"Vilipita. Sasa vimepasuka."

"Lakini hizi ni nywele tu! Hata hazionekani."

"Mkeo akijifungua kesho, utamlaza chini ya dari yenye nywele hizi?"

Kazi ikasimama. Alikasirika, na wakubwa wake walikasirika zaidi. Ukaondolewa kwenye mradi, na mwenzako mmoja wa maabara akasema, kwa sauti ya kukusudia usikie, kwamba umejipalia makaa mwenyewe. Jioni ile ulisimama jikoni ukisugua sufuria moja isiyokwisha. Baba akakunyang'anya sifongo.

"Kesho utaanza upya," alisema.

"Nikianza upya nitachelewa sana."

"Si heri kukawia ukafika?"

Ukaegemea bega lake, ukalia. Sisi tulikuwa mlangoni. Hatukuwahi kukuona ukilia kabla ya siku hiyo.

Ukaanza upya kweli, na ilikuchukua miaka. Hatimaye ukamkamata mchawi: punje ndogo za chokaa zilizokuwamo ndani ya udongo wa vile vigae. Tanuri liliziunguza sana, zikawa nzito kunywa maji. Jiwe likishashikana ndipo zinaamka, zinakunywa, zinavimba, zinalipasua kutoka ndani. Siku uliyogundua uliingia nyumbani na viatu vyenye vumbi mpaka sebuleni, ukamkumbatia Bibi, mama yako, ukamzungusha, naye akapiga kelele, "Niache, nitavunjika!" Ukatafuta udongo mwingine usio na chokaa, ukachoma, ukasaga, ukasubiri tena. Ulikuwa unachoka upesi. Ukasema ni kazi, nasi tukaamini ni kazi. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye damu.

Wanafunzi wako walikuletea kipande cha mchanganyiko mpya kitandani hospitalini, kimekaa majini mwaka na zaidi. Hukuweza kukiinua. Baba alikishika juu ya shuka, nawe ukapitisha kidole upande mmoja, ukampa ishara akigeuze, ukapitisha upande wa pili, hivyo hivyo mpaka ukamaliza pande zote.

"Hiki kimepita," ulisema. Ukaondoa kidole. "Mimi, mume wangu, sikupita."

Baba alibaki amekishika kile kipande kifuani mpaka muuguzi alipokuja kumwondolea.

Wodi iliyokwama miaka yote ile ilijengwa wewe ukiwa umeshalala, kwa mchanganyiko wako. Siku ya kufunguliwa Baba alikataa viti vya mbele. Akina mama waliingizwa mmoja mmoja, wengine na vichanga tayari mikononi, naye akawa anatazama dari, hatazami watu. Mkurugenzi yule, mvi zimemjaa sasa, akamfuata kule nyuma, akampa mkono, asiuachie.

"Shemeji, mkeo alininyima usingizi miaka yote ile," alisema. "Nilimchukia, sikufichi. Nikifikiria nililotaka kulifanya, na hawa wote waliomo humu ndani... Leo ndiyo nitalala."

"Afadhali wewe," Baba akamjibu. "Mimi ndiyo kwanza silali."

Unakumbukwa na mumeo. Na mama yako mzazi, ambaye mpaka leo anauliza kwa nini hukumwacha yeye atangulie. Na kaka yako. Na kifungua mimba wako na kitinda mimba wako. Na mawifi na mashemeji. Na wanafunzi wako wa maabara, ambao walikuita mama kabla hatujawapa ruhusa.

Pumzika, Mama. Haijapita siku tukakusahau, na siku hiyo haitakuja.