Gari la Mzee Abeid

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamekwenda kwenye maonyesho, Barabara ya Kilwa haipitiki, na mie niko Keko nakata sponji. Makochi ya hoteli yanatakiwa Alhamisi. Yamebaki matatu. Vidole vinanuka gundi mpaka chai inanuka gundi.

Saa nne akaja Mzee Abeid. Ndiye mwenye fremu hii ya duka ninayopanga, na nyingine nne za mstari huu, na duka la vitambaa la pembeni. Miaka kumi na moja nashonea makochi hapa na hatujawahi kuandikiana karatasi. Neno lake linatosha, hunambia hivyo. Limetosha kweli. Lakini kila akiingia nasimama.

Leo hakuja kwa habari ya fremu. Anauza gari lake, lile jeusi la Kijerumani analolifunika turubai uani. Macho yamefifia, daktari amemkataza kuendesha. Hataki liende kwa dalali. Anataka nilichukue mie. Bei aliyotaja ni ndogo mno, nilidhani nimesikia vibaya.

Nikasema nitafikiria.

"Fikiria, mwanangu. Ila usiniangushe."

Baada ya hapo nimekata sponji mbili kombo.

Jumatano, 9 Julai

Nimeliendesha. Kutoka dukani mpaka Mtoni na kurudi, Mzee kaketi pembeni na kanzu yake, mikono juu ya mapaja. Nimezoea kirikuu cha kukodi ninachopelekea makochi, kinachotetemesha meno. Hili linapita kwenye shimo kama halijaliona. Viti vya ngozi rangi ya maziwa. Kwenye dashibodi kuna mbao. Nimeikwaruza kidogo kwa ukucha Mzee alipotazama kando. Ni mbao kweli.

Limezidi miaka ishirini. Nalitaka. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia. Baba yangu alikuwa dereva wa wakubwa kule Bukoba. Alifuta magari ya namna hii maisha yake yote na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuegemea mlango. Nalitaka mpaka naona aibu.

Ndani kunanuka udi, mzito. Mzee anasema Nassir, mwanawe mkubwa, hulifukizia kila wiki.

Alhamisi, 10 Julai

Makochi yamekwenda. Hoteli imelipa yote. Nimemwambia Gasto habari ya gari wakati wa chakula. Kosa.

Mume wangu anafundisha sekondari Mbagala. Ni mtu mtulivu. Leo aliacha kula. Akasimama. Akataka kujua rangi ya viti. Dada yake anaolewa Septemba na tayari Gasto amempigia simu kumwambia bibi harusi atabebwa na gari la nyumbani. Sijanunua kitu. Sijasema ndiyo.

Jumamosi, 12 Julai

Fundi magari amelipima. Kalizungushia mtaa mara mbili, kalaza sikio kwenye boneti. Injini nzuri, giaboksi inavuta. Taa moja ya onyo inawaka na kuzima, kasema ni sensa tu. Gasto alikuwepo. Alipigwa picha ameegemea mlango. Sikumkataza.

Jumatatu, 14 Julai

Mshono wa siti ya nyuma ulikuwa umeachia. Mzee akataka anikabidhi gari likiwa kamili, akamtuma dereva wa dukani aniletee niushone. Nassir yuko Unguja.

Siti ya nyuma ya gari ni kochi tu. Nimeing'oa kama ninavyong'oa kochi lolote. Nikakandamiza sponji. Ikatoa mchanga.

Nikainua kapeti. Tope kavu, laini kama unga wa sembe, limejaa kwenye kila kona. Vyuma vina kutu. Nyaya zimeota kijani. Kwa nyuma ya ubao wa siti kuna mstari wa maji, juu ya goti langu. Kila masika ikiisha naletewa makochi ya watu wa mabondeni. Sponji iliyolala kwenye mafuriko naijua nikiwa mlangoni. Hii nilishindwa kuijua kwa sababu ya udi.

Aliyelisafisha alijitahidi. Aliishia pale jicho linapoishia.

Masika ya mwaka jana Mzee alikuwa India kwa matibabu ya macho, miezi miwili. Gari alibaki nalo Nassir.

Nimerudisha sponji. Nimerudisha siti. Nimeshona mshono, mzuri kuliko wa kiwandani. Sikujua nifanye nini kingine.

Jumanne, 15 Julai

Nassir amerudi. Amekuja moja kwa moja, akakaa kwenye kochi la mteja lisilo na kitambaa bado.

"Dada Edina, siti uliitoa?"

"Nimeitoa."

"Basi umeona."

Akanieleza bila kuzunguka. Lilizimika kwenye maji pale Jangwani, likalala humo usiku mzima. Akatafuta mtu akalikausha, akabadilisha vitu viwili vitatu. Baba yake hajui. Akijua, kasema Nassir, hatamwamini tena na funguo ya kabati, seuze duka.

"Wewe lichukue. Bei si umeiona? Mie ndiye niliyemshauri Mzee akupe kwa bei ile. Na mwakani fremu hizi zinakuja mikononi mwangu. Tutaishi vizuri tu."

Hakupandisha sauti. Bora angepandisha, ningejua la kujibu. Alipoondoka alinisaidia kuinua meza.

Alhamisi, 17 Julai

Nikilinunua, nimenunua gari litakalokufa njiani. Nikikataa, Mzee atauliza sababu. Nikimpa sababu, nimemuuza mtoto kwa baba yake na fremu imekwenda. Nikinyamaza, atauziwa mwingine asiyejua kung'oa siti.

Nimeshona siku nzima bila kuongea. Mafundi wangu wameniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemwendea Mzee dukani kabla hajakwenda kuswali. Nimemwambia Gasto hataki. Eti anataka gari dogo lisilokula mafuta. Uongo mtupu, na nimemsingizia mume wangu kwa mtu anayemheshimu.

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Wanaume wana mambo yao," akasema. "Nitazungumza naye."

Nilitoka kabla hajaniuliza zaidi.

Jumapili, 20 Julai

Jana Mzee kampigia simu Gasto. Gasto hajui chochote. Kasema vipi asilitake gari kama lile. Akaenda dukani, wakashikana mikono, akarudi na funguo. Malipo tutapeleka tukiwa tayari, kadi ya gari itafuata. Neno linatosha.

Nilipotoka kununua vitunguu, nililikuta limeegeshwa mlangoni kwetu Mtoni, limeziba njia ya majirani. Watoto wanajitazama kwenye rangi yake.

Leo tumekwenda nalo kanisani. Niliambiwa hongera na watu ambao mwaka mzima hawajanisalimu. Mchungaji kaligusa boneti. Nilikuwa natabasamu, mashavu yanauma.

Baada ya chakula nimemwita Gasto chumbani, nikafunga mlango na kumweleza yote. Tope, Nassir, fremu. Alikaa kitandani na viatu vyake vya kanisani. Nilitegemea angekasirika kwa niaba yangu.

"Tulitumie harusini," akasema. "Halafu tumuuzie mtu wa Mbagala. Nani ataangalia chini ya siti?"

Nimemwambia mie nimeangalia. Akasema, "Wewe ndiyo kazi yako."

Sijawahi kujisikia peke yangu namna hii ndani ya nyumba yenye watu. Nimefua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi nimechukua funguo mezani. Gasto aliniona. Hakunizuia na hakuniaga.

Taa ya onyo iliwaka kuanzia Mtoni. Karibu na Keko ziliwaka nyingine mbili. Nimelifikisha uani kwa Mzee kabla duka halijafunguliwa. Alikuwa anakunywa kahawa. Nikamwamkia, nikamwomba aingie siti ya nyuma. Hakuniuliza. Mwenyewe nikaishusha ile ngozi niliyoishona wiki iliyopita, nikainua kapeti.

"Mzee, nipe mkono."

Nikauingiza chini. Akachota tope, akalisugua kati ya vidole, kama anavyosuguaga kitambaa akitaka kujua ni pamba au siyo. Akalinusa. Nikamwambia lilizama mwaka jana. Jina la Nassir sikulitaja.

Akajifuta vidole kwenye kanzu.

"Najua," akasema. "Niliporudi kutoka India niliingia humu, nikanusa. Macho ndiyo mabovu. Pua nzima."

Nikamuuliza kwa nini hakumwuliza mwanawe.

"Nikimwuliza atanidanganya. Sitaki kumsikia mwanangu akinidanganya, Edina. Nilitaka gari liondoke tu."

"Liondoke kwangu?"

Nadhani alikuwa anatafuta jibu zuri, akalikosa.

"Miaka yote hii hujawahi kulalamika jambo. Paa lilivuja mwaka mzima, ulinyamaza. Nikajua na hili utanyamaza."

Nimeweka funguo juu ya siti. Nikasema kwaheri kwa heshima zote. Nimetembea mpaka kazini nikiwa na hasira. Si kwa Nassir. Nassir aliogopa. Mzee alinichagua.

Na kuhusu paa hakukosea.

Jumatano, 23 Julai

Nassir amepita mara mbili. Hasalimii. Gasto hasemi na mie ila kwa habari za chumvi na ada ya shule. Amempigia dada yake. Nilimsikia akisema gari limepata hitilafu. Aliongea polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Ijumaa, 25 Julai

Mzee kaja baada ya swala. Hakukaa. Dereva wa dukani alimshika kiwiko mpaka mlangoni, kisha Mzee akamwambia amsubiri nje.

Ananiomba nitafute mahali pengine.

"Sikufukuzi. Chukua muda wako, na kodi ya mwezi huu sitaki. Lakini kila nikipita hapa nitakumbuka kuwa umenishika mkono. Nimeshindwa, mwanangu. Nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa na Nassir. Nina majibu yake, nimeyapanga siku kumi. Huyu si Nassir. Nimesema, "Sawa, Mzee." Alipofika kwenye mtaro nikamfuata.

Nikamwambia si sawa. Nikamwambia nimelipa kila mwezi miaka kumi na moja, paa nimelitengeneza kwa hela yangu, na kosa si langu wala sikulitafuta. Kwamba nitaondoka, lakini asiseme ameniomba. Amenitoa.

Watu wa fremu zote walikuwa wanasikiliza. Mzee alisimama, uso kwenye jua. Kisha akasema, "Kweli. Nimekutoa." Akashikwa kiwiko, wakaenda.

Sijutii.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemweleza Gasto. Sikutarajia neno. Akavaa viatu, akatoka, akarudi saa tisa amechafuka vumbi. Kazunguka Mtoni yote kwa miguu akiulizia fremu. Amepata tatu. Mbili mbaya.

Hakuomba radhi kwa maneno. Ameandika kwenye karatasi upana na urefu wa kila moja, amepima kwa hatua.

Jumatano, 6 Agosti

Nahamisha kidogo kidogo. Fundi mmoja anakuja na mie, mwingine anabaki Keko kwa jirani. Namwelewa. Nimeacha meza kubwa, haipiti mlangoni. Wateja wangu wa siku nyingi wananiuliza kulikoni, nawaambia nimepata mahali karibu na nyumbani. Nimechoka kudanganya lakini hii ni fupi.

Jumamosi, 30 Agosti

Wiki ya tatu Mtoni. Fremu ni ndogo kwa nusu. Jua la mchana linaingia mpaka ukutani. Mkataba umo kwenye bahasha, sahihi yangu na ya mwenye nyumba. Gasto ameusoma mara nne.

Fundi wangu aliyebaki Keko alipita juzi kuchukua mkasi wake. Anasema gari bado liko uani, chini ya turubai. Halijauzwa. Mzee na Nassir wanafungua duka pamoja, wanakula pamoja. Hakuna aliyeuliza kitu.

Namfikiria Mzee mara nyingi kuliko ninavyotaka. Harusi itakuwa na gari la kukodi.

Asubuhi hakuja mteja. Saa tano amesimama mama mmoja na stuli ya kupikia, kigoda kilichopasuka kitambaa cha juu, akauliza kama nafanya na vitu vidogo. Nikamkaribisha. Kakaa mlangoni akinisubiri, tukaongea habari za maji, kwamba kwao hayajatoka tangu Jumanne. Nimeweka kitambaa cha bluu kilichobaki mahali. Kimetosha.

Amekibonyeza kwa kiganja, akakikalia, akasema anaweza kukaa hapo kidogo, kama sina haraka. Sikuwa na haraka.