Herufi Mbili Ubavuni

Lombardia, 14 Novemba 2021

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limetulia, na kwamba siku hizi unakula kitu zaidi ya ugali wa polenta na jibini. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, tena nyingi.

Uliyoyasikia kijijini ni kweli. Loredana, binti wa marehemu Gualtiero mwoka mikate, ameishtaki hospitali yetu. Machi ya mwaka jana, ule mwezi wa korona na majeneza, mtu alimtoboa baba yake ubavu ili kutoa hewa iliyobana pafu. Tundu likawa chini mno, likajeruhi ini. Jalada halisemi nani alitoboa. Picha ya kidonda tu ndiyo inaonyesha herufi mbili za wino: O.B.

Juzi wakili wa hospitali aliniita. Akasema herufi hizo zaweza kuwa za yeyote. Eti mimi ni daktari wa mifupa, kwenye zamu ya wodi ya korona sikuwemo, basi nifunge mdomo. Nikamuuliza kuhusu sheria ya kutulinda tuliofanya kazi isiyo yetu. Akacheka, akasema waliopangiwa wana pa kujishika, lakini aliyejipeleka mwenyewe, mama, huyo amwombe Mungu! Nikamwambia mimi si panya wa kutafutiwa shimo.

Baba, ni mimi. Mkuu wangu alinikataza kushuka kwenye wodi ile, akasema nibaki na nyonga zangu. Nikashuka. Madaktari wa mapafu wenyewe walikuwa hoi vitandani, na midomo ya Gualtiero ilishakuwa bluu. Nikafanya kama tufanyavyo sisi wa mifupa: kabla ya kisu, alama ya kalamu na herufi za jina la anayepasua. Kisha nikakosea, kwa upana wa vidole viwili tu. Aliishi siku tatu. Ya pili aliongea na Loredana kwa simu, akamwagiza asiiache chachu ife.

Ningemwacha akate roho mbele yangu? Thubutu! Hata kesho ningeshuka. Lakini mkono uliokosea ni wangu, na Loredana ana haki ya kuujua. Wewe ulipiga mhuri chini ya kila kiti ulichounda, hata kile kilichoyumba.

Jumatatu nitasema yote mbele ya hakimu. Wakininyang'anya kisu, niwekee randa.

Msalimie shangazi Iride, asianze kunililia kanisani. Na mkate, Baba, endelea kununua kwa Loredana.

Mwanao,
Ornella Bonfanti