Jina Litakalotajwa juu ya Mbuzi

Zuhura mdogo wangu,

Asalaam aleikum wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Miguu vipi? Na lile sikio? Mimi mzima, ila baridi ya huku Marekani, hapa Brooklyn Park, imeniingia mpaka kwenye meno, theluji imefika madirisha ya magari na bado wananiambia hii si kitu. Nimeona nikuletee barua kwa sababu kwenye simu unaitika "ee, ee" na kumbe hujasikia hata moja. Anayeniandikia ni Saida, mke wa Athmani wangu. Nimemwambia aandike kama nisemavyo, asinipunguzie, hata pale atakaposikia anatajwa mwenyewe.

Wamepata mtoto wa kike. Alhamdulillahi. Ana paji la uso la mama yetu, wallahi ukimwona utalia. Na unajua mimi nilizaa wanaume, wewe ukazaa wanaume, na wao wakazaa wanaume. Sasa jina la mama si ndio limepata pa kukaa? Nikangoja zangu siku ya saba kama watu. Kumbe hospitali za huku hawangoji. Siku ya pili nesi kaja na fomu anataka jina, na mwanangu kamjibu papo hapo. Kloi.

Nikauliza, Kloi ndiye nani? Bibi wa nani? Hakuna anayemjua. Saida akafungua simu akanisomea. Ni jina la Wayunani, la kale mno, maana yake chipukizi la kijani, lile jani changa linalotoka ardhini. Nikasema basi mwiteni Mchicha tujue moja. Akaendelea, eti hao Wayunani walikuwa na sanamu la kike wakiliomba liwaoteshee ngano, na Kloi ndilo jina la sifa walilolipa. Na kwenye kitabu cha Wakristo limo pia, mwanamke katajwa mara moja akapita zake. Sanamu, Zuhura. Kitukuu cha Bi Mwanakombo, mama yetu ambaye hata homa haikumtoa kwenye msala.

Na lingekuwa adimu ningesema haya. Juzi kliniki nesi kaita Kloi, wameinuka wanawake wengine wawili pamoja na Saida. Na hapa tunapokaa, jirani wa chini ana kijibwa cheupe anakivisha sweta, kila asubuhi anakiita nje, Kloi, Kloi, na mimi niko dirishani na mjukuu begani namsikia. Nikamwonyesha Saida. Akanambia, "Mama, na ukiita Fatuma pale sokoni Kongowea wataitika wangapi?" Nikamwambia wale Fatuma wote wanajua wamelichukua kwa nani. Huyu wenu kalichukua kwa mbwa.

Athmani naye hana la maana. "Mama, jina langu wamelivunjavunja tangu nilipofika hapa. La mwanangu hawatalivunja." Mwanamume mzima, ana duka la kanzu na udi kule mtaa wa Cedar, anaogopa ndimi za watu wasiojua hata kuosha mchele.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie. Akika haijafanywa. Mbuzi wa huku unaletewa kwenye plastiki, hujui alikufaje. Athmani anataka uchinje wewe huko nyumbani. Na mchinjaji atauliza, huyu ni wa mtoto gani? Mwambie ni wa Mwanakombo.

Hapa Saida ameweka kalamu chini. Kaniuliza taratibu, wala si kwa ujeuri, "Mama, Mwanakombo maana yake nini?"

Zuhura wee. Mama namjua alivyofunga leso, namjua mkate wake wa sinia, lakini jina lake lilitoka wapi, lilikuwa likisema nini, sijui. Nikamwambia maana yake ni mama yangu. Akasema mtoto akiulizwa shuleni hawezi kujibu hivyo. Nikasema ataweza, mbona mimi nimejibu.

Kamnyonyesha mtoto kwanza, ndipo akaishika kalamu tena. Jina la Mwanakombo atakuandikia, anasema, lakini na mimi nimwite Kloi mbele za watu nisimtahayarishe mtoto. Haya, nitamwita, huku nimegeuza uso. Mlango ukishafungwa, ni Mwanakombo.

Kwa hiyo muulize shangazi yetu Bi Rukia, maadamu akili zake bado anazo, mama aliitwa hivyo kwa nini. Lakini usimngoje yeye ndio uchinje, anaweza kukuanzishia hadithi ya harusi yake.

Nisalimie mumeo, na mkweo anayekusomea hii, asome polepole asijifanye mtangazaji. Yule fundi cherahani wa pembeni aliyeniharibia buibui, mwambie sijasahau.

Mbuzi awe na nyama. Na mchinjaji alitaje jina kwa sauti, hata wewe usikie.

Dada yako,
Amina

Imeandikwa na Saida, mama Mwanakombo.