Lami Haitoi Cheche

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, pamoja na wifi na watoto. Kifua cha wifi kimetulia? Mwambie aache ubishi, amalize dawa hata akijisikia nafuu. Sisi huku tunapumua, na shemeji yako anakusalimu. Ila mimi moyo umevurugika, na nimeona simu haitafaa. Kwenye simu ungeleta utani wako, nami ningecheka, tukaishia hapo.

Unavijua vile vidoa vyeusi vya shavuni mwangu. Mimi nimevizoea, lakini watoto ninaowafundisha chekechea wapi! Kila mwaka lazima atokee mmoja wa kulamba kidole na kunifuta, akidhani ni uchafu. Juzi alikuwa mzazi, mtu mzima na akili zake, akanipa kitambaa mbele ya wenzake. Nikasema basi, imetosha. Nikaenda hospitali ya ngozi, wanakofuta kwa mwanga wa leza.

Daktari, mama mmoja mpole asiye na haraka, aliniuliza nilivipataje. Nikamjibu kama tunavyojibu wote nyumbani: nilikuwa mdogo, kaka akanipakia kwenye baiskeli, akateremka mlima bila breki, nikasugua uso kwenye lami. Nikamwambia mpaka leo tunamwita Breki. Tukacheka, nisamehe. Akanieleza kwamba punje za lami zilibaki ndani, kidonda kikafunga juu yake, ikawa tatuu ambayo hakuna aliyeiomba. Mwanga ule huzivunjavunja, mwili ukazisafisha wenyewe taratibu. Akasema tuanze na kidoa kimoja karibu na sikio, cha kujaribia.

Akanifunika macho. Nikasikia pa! halafu harufu ya kiberiti, na maumivu makali kama kitu kimepasuka ndani ya ngozi. Daktari akazima mashine palepale. Alisema ameona cheche zikiruka shavuni mwangu, na pamebaki kishimo kinachotoka damu. Lami haitoi cheche, akasema. Hiyo ni baruti, na angeendelea shavu zima lingejaa mashimo. Akaniuliza tena, safari hii bila kucheka, nani aliyenipa habari za baiskeli.

Nilitoka pale na plasta yangu, moja kwa moja hadi kwa wazazi. Baba alikuwa sebuleni anakaza skrubu za redio. Nikamuuliza baruti iliingiaje usoni mwangu. Mama ndiye aliyeanza kulia. Baba alijaribu kuzungusha maneno, eti madaktari wa siku hizi wanapenda kutisha watu. Nikamwambia, Baba, shavu langu limetoa moto.

Ndipo aliposema. Kumbe enzi zile akilipua mawe machimboni, alileta baruti kidogo nyumbani, jambo lililokatazwa kabisa, ili apasue lile jiwe lililomkera uani. Akawasha bila kutazama nyuma, na mimi nilikuwa nimemfuata. Aliogopa kufukuzwa kazi, akakwambia useme ni wewe na baiskeli, kwa siku chache tu, mpaka maswali yaishe. Maswali yakaisha. Wewe akakuacha na lawama hivyohivyo.

Jamani, Kaka, hata yeye alikuwa anakuita Breki! Alikuita hivyo kwenye harusi yangu, tena kwenye kipaza sauti, nilipokataa kupanda gari lako ulilolipamba maua kwa mikono yako. Watu wakavunjika mbavu. Wewe nawe ukacheka. Nina hasira na wewe kwa kunyamaza, halafu nakumbuka ulikuwa mtoto tu, nashindwa hata kuendelea kukasirika. Sijawahi kukuachia wanangu uwapeleke hata dukani.

Baba ameniomba nisikuandikie, eti atakuambia mwenyewe akipata nafasi. Nafasi anayo tangu sijajua kusema vizuri! Nimemwambia atasema, tena mbele ya wote waliocheka.

Vidoa sasa vitachokolewa kwa ncha ya sindano, kimoja kimoja. Daktari anasema jicho litavimba, niende na mtu wa kunirudisha nyumbani. Shemeji yako alijitolea, nimemkatalia. Njoo na gari lako, Kaka. Nitakaa kiti cha mbele.

Wifi mpe mkono, watoto wabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakuwahi kuanguka kwenye baiskeli yako.