Muuguzi Amesimamishwa kwa Kosa la Programu Yetu

Bi Dorothée,

Nisaidie, maana nakuandikia nikiwa na hasira. Mimi natengeneza programu za kompyuta, na mwaka jana tulitengeneza moja ya kliniki huko Gihosha ili wahudumu wengi wafungue faili la mgonjwa kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kompyuta yake, na tangu mwanzo nilimwambia bosi wangu Bonfils kwamba tumeijenga vibaya, kwa sababu wawili wakifungua faili moja, anayehifadhi wa mwisho anafuta alichoandika mwenzake bila onyo lolote, naye akanijibu, "Mi nataka ianze Lundi, ingine tutaona nyuma." Ikaanza Jumatatu hiyo, na kasoro ikabaki. Mwezi huu muuguzi Consolée aliandika kwamba mama mmoja mwili wake unakataa penisilini, dakika mbili baadaye mtu wa mapokezi, aliyekuwa amelifungua faili hilo kabla, akahifadhi namba mpya ya simu, maneno ya Consolée yakapotea, mama akadungwa dawa hiyohiyo, koo likavimba, wakamwokoa kwa shida. Consolée amesimamishwa kazi. Tulipoitwa kliniki mimi na Bonfils, alilia mbele yetu, "Niliandika, mi najua niliandika," Bonfils akatikisa kichwa kama anayemhurumia, mimi nikatazama chini. Kwenye gari akaniambia, "Ukisema, kazi apana." Mama na wadogo zangu wananitegemea. Nifanyeje?

Fadhila, Buyenzi

Fadhila,

Sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia siku ileile barua ilipofika, na nilichokuambia ni hiki. Bonfils anastahili hasira yako, lakini wewe ulimsikia mwanamke akiitwa mwongo, ukijua anasema kweli, ukatazama chini. Usinitajie wadogo zako. Consolée naye ana watu nyumbani. Na programu ile bado inatumika. Pole nitakupa baadaye. Nenda Gihosha sasa, keti na mkurugenzi mbele ya kompyuta mbili, mwonyeshe maneno yakipotea. Mwambie warudi kwenye karatasi mpaka programu ikatae kuhifadhi juu ya maandishi ya mwingine, na ionyeshe nani aliandika nini, saa ngapi. Kisha andika kwamba Consolée hana kosa, utie sahihi yako.

Ulikwenda, ukamwonyesha, ukaandika. Bonfils amekufukuza, na kwa hilo pole sana, peleka barua yako ya kufukuzwa kwa mkaguzi wa kazi wiki hii. Consolée amerudi kazini. Unalalamika kwamba mlikutana akapita bila kukusalimia. Usimdai salamu. Mwombe radhi mara moja, kwa maneno machache, halafu umwache.

Dorothée