Hedfoni za nyuma zimeniumbua

Shosti, nimeumbuka! Nimejificha kwenye choo cha karakana.

Kile kindege cha bosi, jana nilikiongezea hedfoni mbili viti vya nyuma, ili abiria nao waongee na rubani. Leo tukaenda kuzijaribu angani. Bosi anarusha, mimi nyuma na mama mkwe wake.

Huko juu mimi na mama tunasikiana vizuri, bosi kimya. Nikadhani waya wa mbele haujashika, bosi hatusikii.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu mkwe wangu anajua kurusha kweli?"

Na kiherehere changu: "Kurusha anajua, mama. Kutua ndiyo tunamwachia Mungu."

MIMI nimesema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Mama akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Ndiyo maana binti yangu hapandi!"

Ndipo sauti ya bosi ikaingia masikioni, taratibu: "Nawasikia wote wawili."

Roho ilinitoka! Natazama mkono wa mama, kwa woga amekamata kitufe kwenye waya wa hedfoni yake, kile cha kuongea na mnara wa uwanja wa ndege. Nikamwambia aachie.

Alipoachia tu, kaka wa mnarani akaingia: "Hata sisi tumewasikia. Njia iko wazi, na huku tumeshaanza maombi."

Bosi akatua laini, kama anaweka yai mezani. Akazima injini, akanigeukia: "Fundi, hedfoni zinafanya kazi. Wewe sijui."

Mama mkwe ndiye kanikingia kifua. Kasema nikifukuzwa, binti yake ataambiwa kila kitu, hadi maombi ya mnarani.

Basi Jumamosi tunaruka tena. Bosi mwenyewe kanichagulia kiti, mbele, ubavuni kwake.