Ubeti Alioujua Mgeni

Jumatatu, 3 Juni 1968
Insha za Kidato cha Pili. Nusu wameandika "kitabu yangu". Nasahihisha, wanarudia. Mvua tangu mchana. Mama Kemunto, mwenye nyumba, ameleta viazi vitamu. Anasema kuna mtu sokoni Nyamira alikuwa akimwulizia "yule mshairi wa visiwani".
Hapa hakuna anayejua kuwa natunga. Sipendi.

Jumatano, 5 Juni
Amekuja hadi shuleni. Anajiita Salim. Lafudhi ya kwetu kabisa. Anasema dada yangu Zuhura amekimbia, amefika Sirare, mgonjwa, hana vibali vya kuvuka mpaka. Twende Jumamosi tukamchukue.
Sijapata habari zake tangu nilipofukuzwa nchini kwa mashairi niliyoyasoma kwenye mikutano ya makuli bandarini.
Lakini viatu vyake. Anadai ametoka Sirare kwa miguu na malori, katika mvua hii. Havina tope.

Alhamisi, 6 Juni
Salim amerudi jioni. Nikamwuliza ni neno gani Zuhura amempa ili nimwamini. Akaghani ubeti wangu kwa moyo, taratibu:
Chui amevaa kanzu, mlinzi wa mbuzi zetu.
Nililia mbele yake. Ubeti huo haukuchapishwa. Zuhura peke yake ndiye niliyemsomea.
Nimekubali. Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, 7 Juni
Niko ubaoni, chaki mkononi, nikakumbuka. Siku ile nilipomsomea, Zuhura alicheka. Alisema chui ana heshima yake, hawa ni fisi. Nikaona kweli. Tangu hapo, kwetu sisi wawili, ni fisi. Chui alibaki kwenye karatasi tu, na karatasi askari walizichukua kesho yake, kabla sijasahihisha.
Salim hakuusikia ubeti huu kwa Zuhura. Aliusoma.
Au Zuhura amesahau? Maradhi husahaulisha. Naandika hivyo na najua najidanganya. Nataka mno awe pale.
Nimemweleza Mama Kemunto kila kitu, kwa mara ya kwanza. Hakushangaa.
"Mwalimu, huyo mtu ako na gari," alisema. "Imesimama chini kwa mto, watu wawili ndani. Wewe usilale hapa. Enda kwa dada yangu, Birongo."

Jumamosi, 8 Juni
Birongo. Nimekaa jikoni kwa dada yake Mama Kemunto, nachambua mboga nisizozijua. Kila gari likipita, nachungulia dirishani. Namtazama hata dada huyu mwenyewe. Mbona ametoka mara mbili kwenda kwa jirani? Chumvi, kasema. Alirudi na chumvi.
Kama nimekosea, Zuhura amelala Sirare leo, macho mlangoni. Ni mimi niliyemwacha.

Jumapili, 9 Juni
Mama Kemunto amekuja baada ya kanisa. Walifika watatu, Salim mbele. Waliuliza kwa upole, kisha bila upole. Yeye akajibu kila swali kwa Kigusii, kama asiyejua neno la Kiswahili. Wakaingia chumbani kwangu. Wakachana godoro.
"Hao si watu wa mgonjwa," alisema.
Sijakosea. Nilidhani nitapumua. Nimekaa tu. Kwa siku nne nilikuwa na dada mpakani. Sasa sina.

Jumanne, 2 Julai
Shule nyingine, upande wa Manga. Mwalimu mkuu hakuuliza mengi. Bado nachagua kiti kinachotazama mlango. Bado namchunguza kila mgeni viatu.
Baridi asubuhi. Darasani mtoto mmoja aliniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia nina dada, anaitwa Zuhura, anacheka kwa sauti. Sikumwambia kuwa sijui yuko wapi. Nikafuta ubao, tukaendelea na somo.